Akina mama, kipaza sauti ni chenu pia

Kila tunapokutana kwenye sherehe zetu hapa Macquarie Fields, kusini magharibi mwa Sydney, mambo ni yale yale. Karaoke ikiwashwa, wanaume wanagombea kipaza sauti, akina mama wanakimbilia jikoni. Ukiwauliza, jibu ni moja: "Sauti yangu mbaya."

Sisi tunasema hiyo si sababu. Karaoke ilianzia Japani, ambako Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake mwaka 1971, na neno lenyewe lina maana ya okestra tupu. Nafasi ya mwimbaji imeachwa wazi kwa yeyote, si lazima awe Siti binti Saad.

Tena tunashauri waanze na wimbo wa Kijapani. Msicheke! Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia na irabu, hivyo ulimi wetu hautapata taabu. Upo wimbo wa Kyu Sakamoto wa mwaka 1961, ambao huku nje uliitwa Sukiyaki na ukashika namba moja Marekani mwaka 1963. Hauna haraka, maneno yanajirudia, na sehemu moja ni mluzi tu. Unamhusu mtu anayetembea akitazama juu ili machozi yasimdondoke.

Sisi tulioondoka kwetu bila kuaga tunamwelewa mtu huyo. Akina mama waliobeba familia hadi huku wanamwelewa zaidi. Aliyenyamaza miaka yote hii ana haki ya kusikika walau dakika tatu.

Wanaume, tokeni hapo mbele. Vyombo vinawasubiri jikoni.