Tule Wapi Tukifika Nairobi?



Safari za bara hazina msimu siku hizi. Wapo wanaowapeleka vijana vyuoni, wapo wanaofuata viza kwenye balozi, na wapo, kama tulivyokuwa sisi, waliopangiwa siku ya kuonana na daktari Nairobi. Nauli hupangwa mapema, na mahali pa kulala pia. Chakula huachwa mpaka njaa itushike mkono.

Tulimchukua mama yetu, mtu mzima mwenye maradhi ya sukari, tukaondoka Mombasa kwa basi la usiku. Kliniki ilituweka hadi karibu na adhuhuri. Mama alikwisha kumeza dawa zake, na dawa hizo hazingoji. Tukaingia mkahawa wa kwanza tuliouona, kwa kuwa ukutani paliandikwa neno "Halal" kwa rangi ya kijani, herufi kubwa. Kuku akaletwa na chipsi zake. Mama akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Kwenye meza ya pili, bwana mmoja alikuwa akiletewa bekoni na mayai.

"Mwanangu," mama akamwita mhudumu kwa upole, "hii na ile zimekaangwa kwa mafuta gani?"

Kijana hakuficha. Kuku wao, alisema, hununuliwa kwa mchinjaji Mwislamu. Ila karai ni moja.

Tukalipa, tukatoka, sahani zimejaa. Hatukufika mbali mama akaanza kutetemeka na kutokwa na jasho. Tukamkalisha kwenye baraza ya duka na kumnywesha soda, mpaka rangi ikamrudia. Yule kijana hatumlaumu, maana alipoulizwa alisema kweli. Tunajilaumu sisi, tulioridhika na rangi ya ukuta.

Tulimpeleka Msikiti wa Jamia, akapumzika upande wa wanawake. Baada ya swala, bibi mmoja aliyekaa kando yake, mkaazi wa mji ule kwa miaka mingi, akamuuliza atokako na kama amekula. Mama hakumuuliza chakula kizuri kiko wapi. Alimuuliza, "Wewe, dada yangu, watoto wako huwapeleka kula wapi?" Swali hilo tumelihifadhi. Mwenyeji ukimuuliza mahali pazuri, atakutajia penye viyoo na taa, kwa kumstahi mgeni. Ukimuuliza pale alishapo wanawe, atakutajia anapopaamini.

Bibi yule alitutuma Eastleigh. Tukaelekezwa ghorofani, kwenye sehemu ya familia yenye pazia, ambapo mwanamke anaweza kufungua nikabu akala kwa raha. Mhudumu akamwita mama "hooyo", yaani mama kwa Kisomali, akamletea maji ya kunawa kabla hata hatujaagiza. Ukaja wali wa bariis wenye iliki na mdalasini, nyama ya mbuzi juu yake, na ndizi mbivu pembeni. Wenzetu ndizi hiyo hawaiweki mpaka mwisho: huimenya wakaila pamoja na wali, tonge kwa tonge. Mama alicheka sana, kisha akampa mjukuu ile ndizi kwa ajili ya sukari yake, akaishughulikia nyama. Mkate wao wa muufo, alituambia, ni ndugu wa mofa yetu. Jambo moja la kuangalia: sahani moja ya kule mara nyingi huwatosha watu wawili. Sisi tuliagiza nne, tukarudi na mafurushi.

Asiyetaka kwenda mbali asikate tamaa, kwani katikati ya mji wapo wapishi wa pwani wauzao pilau, biriani na samaki wa nazi, na South C na Parklands pia zina mikahawa ya Waislamu. Ila pilau ya kibiashara iendewe mchana. Chungu hupikwa mara moja, na kinachouzwa jioni mara nyingi ni kile cha mchana kilichopashwa moto.

Kuhusu uhalali, zipo alama zenye uzito kuliko rangi. Kenya Bureau of Halal Certification hutoa cheti kwa mikahawa na viwanda, na cheti huwa na jina la aliyepewa na tarehe ya kumalizika. Yasomwe yote mawili. Pasipo cheti, ulizeni nani anachinja, mafuta ya kukaangia ni ya nani na nani, na kama jikoni hapaingii nguruwe wala pombe. Akina mama wengi huona haya kuuliza, wakiogopa kuonekana washamba. Mhudumu mwema hachukii. Na akichukia, basi mmekwisha jibiwa.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 168, imeutaja uhalali pamoja na uzuri wa chakula, na sisi huangalia nusu ya kwanza tu. Kuku aliyechinjwa vyema kisha akalala nje ya friji ni hatari kwa mtoto. Tazameni kama wateja wanaingia na kutoka, kwani penye watu chakula hakilali. Kachumbari na matunda yaliyokatwa zamani tuliyaacha, maji tukanywa ya chupa iliyofunguliwa mbele yetu.

Kwa basi au kwa gari moshi, mama sasa hatoki nyumbani bila mfuko wake: tende, mofa mbili, mayai ya kuchemsha na chupa ya maji. Safari ya pili, basi liliposimama Mtito Andei usiku wa manane na abiria wakakimbilia chipsi, yeye aliufungua mfuko wake, akamgawia na jirani wa kiti.

Wiki ijayo, inshaallah, tutaandika juu ya mahali pa kulala akina mama wanaosafiri na wagonjwa. Wenye uzoefu watuletee maoni yao kabla ya Ijumaa.