Chama Kimoja Bado Kinatawala Wodini

Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa mwezi wa Disemba 1991, waliotutangulia katika mapambano ya mageuzi walipata haki ya kumpinga mtawala hadharani. Haki hiyo ilifika Bungeni, ikafika magazetini, na hatimaye ikaandikwa upya katika Katiba ya 2010. Mahali ambapo haijafika ni wodi ya hospitali. Humo daktari mkubwa angali chama kimoja, na wanaomzunguka wangali wapiga makofi.

Sisemi haya kwa kuwabeza madaktari. Wao wenyewe wameyaonja machungu ya dola isiyotaka kuambiwa. Mwaka 1994 waligoma kwa miezi kadhaa wakidai chama chao cha wafanyakazi kisajiliwe. Serikali ya siku hizo ikakataa katakata, na baadhi yao wakaihama nchi. Chama hicho kilisajiliwa mwaka 2011, baada ya Katiba mpya kuilinda haki hiyo katika kifungu cha 41. Mwezi wa Februari 2017, katikati ya mgomo uliodumu siku 100, viongozi wake saba walitiwa gerezani kwa kudharau amri ya mahakama. Ajabu ni kwamba miongoni mwa watu waliogharimika kiasi hicho ili serikali iwasikilize, wapo wengi ambao hawajajifunza kumsikiliza muuguzi.

Miaka michache iliyopita nilimtetea muuguzi mmoja mbele ya kamati ya nidhamu ya hospitali ambayo sitaitaja. Mama aliyekuwa amejifungua alivuja damu usiku kucha. Muuguzi alimwita daktari wa zamu mara tatu, akaandika kila mwito katika jalada, daktari asitokee. Mama akafariki kabla ya mapambazuko. Kamati ikamuuliza mteja wangu: kwa nini hukumpigia simu daktari bingwa nyumbani kwake? Alinyamaza. Tulipotoka nje ndipo aliponijibu mimi: “Wakili, ningempita daktari wangu nikamwendea mkubwa wake, kesho yake ningefanya kazi na nani?” Alipewa onyo la maandishi. Daktari aliyeitwa mara tatu hakuulizwa neno siku ile, kwa sababu kikao kilikuwa cha wauguzi, na madaktari wana njia yao. Kila taaluma ina baraza lake na milango yake, ilhali mgonjwa aliyekufa alikuwa mmoja.

Uongozi katika hospitali, kwa hiyo, hauanzi katika ofisi yenye zulia. Huanzia pale ambapo mtu wa chini kabisa katika zamu anaweza kumwambia wa juu kabisa “simama,” naye akasimama. Jambo hili si ndoto. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuthibitishwa katika chumba cha upasuaji. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo hutaja jina lake na kazi yake. Mgonjwa huthibitishwa kuwa ndiye, na mahali pa kupasuliwa kuwa ndipo. Orodha ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, kwa jirani zetu Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi haimponyi mtu. Sehemu ya siri yake, naamini, ni kwamba muuguzi aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya bingwa ameruhusiwa kunena, na aliyeruhusiwa mara moja hunena tena.

Nasi tulikwisha kuona yatokeayo mlolongo huo unapokatika. Mwanzoni mwa Machi 2018 taifa lilisikia kwamba katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa badala ya mwingine, baada ya vitambulisho vyao kuchanganywa. Baadhi ya watumishi walisimamishwa kazi, na mkurugenzi akapelekwa likizo ya lazima. Hivyo ndivyo tulivyozoea: msiba ukitokea tunatafuta wa kufukuzwa, kisha tunaurejesha utaratibu uleule uliotuletea msiba.

Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 imeziruhusu zibaki na fedha zinazokusanya. Mamlaka yameongezeka, je, walioyapokea wameandaliwa? Daktari husoma miaka sita na kupimwa kwa ujuzi wa kutibu, kisha siku moja hukabidhiwa hospitali nzima, pengine kwa kuwa ni mwana wa eneo hilo, au kwa kuwa gavana anamfahamu. Mtu ataniambia, na kisheria hajakosea, kwamba kifungu cha 73 kinachoyaita madaraka amana ya umma kimewalenga maofisa wa dola, wala si msimamizi wa hospitali. Basi na asome kifungu cha 232, kinachoagiza utumishi wa umma uajiri na kupandisha vyeo kwa ushindani wa haki na kwa stahili. Nafasi ya msimamizi itangazwe. Daktari na muuguzi wafundishwe uongozi pamoja, katika darasa moja, tangu mwaka wa mafunzo ya kazi, maana waliotenganishwa darasani hawatakutana usiku wa manane kwenye kitanda cha mgonjwa.

Kanisa lisingoje serikali. Lina hospitali zake, kutoka Kijabe hadi Tumutumu, na lina Maandiko yanayosimulia jinsi Musa, akiwa katika kilele cha madaraka, alivyokubali kusahihishwa na Yethro mkwewe na kuwagawia wengine kazi. Katika mkutano wa mwaka wa hospitali yenu, ndugu msomaji, simama uulize ni wauguzi wangapi wameketi katika bodi. Ukisha kujibiwa, uliza ni lini daktari, muuguzi na afisa wa kliniki wa zamu moja waliketishwa pamoja kujadili kifo kilichotokea mikononi mwao, bila ya yeyote kutishiwa kazi yake. Omba majibu hayo yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.