Saizi za nguo za kike ni lumbesa isiyo na mizani

MKULIMA wa kahawa wa Mbinga ni mtu aliyezoea kupimwa. Akifikisha kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, inapanda mizani mbele ya macho yake. Ikifika kiwanda cha kukoboa, inapitishwa kwenye machekeche na kupewa daraja. Punje kubwa zinazobaki juu ya chekeche namba 18 ndizo AA, na namba hiyo si ya mapambo. Ni tundu lenye upana wa sehemu 18 kati ya 64 za inchi moja, yaani milimita saba na ushei. Iwe Mbinga, Moshi au kwa mnunuzi wa Ujerumani, tundu ni lile lile.

Mkulima huyo huyo, malipo ya msimu yakishaingia, huenda mjini na mkewe kununua nguo. Huko anakutana na herufi nyingine: S, M, L, XL. Nazo zinafanana na madaraja. Tatizo ni kwamba nyuma yake hakuna chekeche.

Gauni la L la duka moja linambana mama kifuani. L ya duka la jirani inamwagika mabegani. M aliyoiokota kwenye mitumba siku ya gulio inamkaa kana kwamba alishonewa. Na kama gauni alinunuliwa na mwanawe aliyeko Songea, aliyeambiwa kwa simu tu kwamba "mama anavaa L", hapo ni bahati nasibu.

Wengi wetu, hasa wanaume, hulichukulia jambo hili kama kero ndogo ya akina mama. Kwa maoni yangu ni suala la biashara kabisa. Hasara yake hailiwi na mwenye kiwanda huko ng'ambo wala mwenye stoo Kariakoo. Inaliwa na mwenye kibanda Mbinga mjini, Kigonsera, Mbamba Bay, na pale Ruanda ambako makaa ya mawe ya Ngaka yameleta watu na mishahara tangu uchimbaji uanze mwaka 2011.

Tupige hesabu kidogo. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyenunua magauni 24 kwa bei ya jumla ya Sh15,000 kila moja, akatumia Sh360,000. Anakusudia kuuza kwa Sh22,000, apate Sh528,000. Nauli, mizigo na malazi ya safari, kwa sehemu inayoangukia magauni hayo, tuseme ni Sh70,000. Faida anayoitarajia ni Sh98,000.

Sasa magauni matano yagome. Lebo inasema XL lakini wateja wa XL hayawaingii, na wenye mwili wa M wakiona XL imeandikwa hawataki hata kuyajaribu. Yanakaa hadi rangi inaanza kupauka kwa jua la barazani, kisha yanaondoka kwa Sh10,000 kila moja. Mapato yote yanakuwa Sh468,000, na faida imeshuka hadi Sh38,000. Magauni matano tu kati ya 24 yamekula zaidi ya nusu ya faida. Na mtaji wake umelala miezi kadhaa ukisubiri mtu mwenye umbo ambalo halipo.

Kumrudishia muuzaji wa jumla haiwezekani. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni karibu kilomita 1,000, na kutoka Songea hadi Mbinga ni kama 100 nyingine. Hata angefika, angekuta maandishi yale yale ambayo naye ameyabandika kwenye duka lake: mali ikishauzwa hairudishwi. Mama aliyeteremka milima ya Litembo kwa pikipiki naye harudi tena kwa ajili ya gauni lililombana. Analivaa hivyo hivyo, au anamgawia binti yake, na mwaka unaofuata anaingia duka jingine.

Zipo nguo zisizo na ugonjwa huu, nazo ni kitenge na kanga. Kitenge hakina saizi. Kinauzwa kwa urefu, mnunuzi anakikunjua, na fundi anampima mwenye mwili. Ndiyo maana kitenge kikibaki dukani ni kwa sababu ya rangi au bei, si kwa sababu kimekataa kumwingia mtu. Sare za shule vilevile, nyingi hupita mikononi mwa fundi. Vurugu ilianza pale tuliponunua nguo iliyokwisha kushonwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine ni nani? Hapa inafaa kwenda Marekani kidogo, kwa sababu huko ndiko lilikofanyika jaribio kubwa la kupanga saizi za kike.

Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo iliendesha kazi ya kupima miili ya wanawake karibu 15,000, zaidi ya vipimo 50 kwa kila mmoja. Msomaji asishangae kuona kilimo kikiingia kwenye magauni. Wizara hiyo ilikuwa na idara ya uchumi wa nyumbani. Waliopimwa walijitolea kwa malipo kidogo, na vipimo vya wanawake wasio weupe viliwekwa kando wakati wa kukokotoa. Kutokana na takwimu hizo, mwaka 1958 serikali yao ilitoa kiwango rasmi cha saizi. Hakikuwa na nguvu ya kisheria ya kumlazimisha kila mwenye kiwanda, na miili ya watu haikufuata jedwali. Mwaka 1983 kiwango hicho kiliondolewa, na kila kampuni ikabaki na jedwali lake.

Kilichofuata mfanyabiashara yeyote angekitabiri. Kampuni ziligundua kwamba mwanamke hufurahi akiingia kwenye namba ndogo. Basi nguo ikapanuliwa, namba ikabaki pale pale au ikashushwa. Nguo inayoandikwa 8 leo huko Marekani inakaribia ukubwa wa ile iliyoandikwa 16 mwaka 1958. Namba imegeuka kuwa maneno ya kumbembeleza mteja.

Wenzetu wa Hispania nao walijaribu. Mwaka 2007 na 2008 wizara yao ya afya iliwapima wanawake zaidi ya 10,000 na kuona miili yao imegawanyika katika maumbo makubwa matatu. Wanne kati ya kila kumi walisema hupata tabu kupata nguo ya saizi yao. Kama ni hivyo katika nchi yenye viwanda vyake vya mitindo, sisi tunaoletewa nguo za kila taifa kwenye lori moja tutakuwaje?

Belo la mitumba ndilo linaloonyesha hali hiyo vizuri. Mwanamke mmoja, kwa mwili ule ule, huandikwa namba 14 na Mwingereza, 10 na Mmarekani, 42 na Mfaransa, 40 na Mjerumani na 46 na Mwitalia. Zote hizo hutoka katika belo moja na kutandikwa kwenye turubai moja. Anayepanga fungu la "namba 40" bila kuangalia nchi kwenye lebo anachanganya watu wenye miili tofauti. Hata hivyo mitumba ina nafuu moja: mteja anaijua tabia yake. Anaivaa juu ya kitenge alichojifunga, anajiona, anaamua. Nguo mpya iliyo ndani ya mfuko wa nailoni haiguswi, eti itachafuka, na hapo ndipo lebo inapopewa imani isiyostahili.

Nguo mpya nyingi zinazofika kwetu zinatoka China, na huko kuna jambo ambalo wafanyabiashara wetu wengi hulipita bila kulisoma. Kiwango cha taifa cha China kinataka saizi iandikwe kwa sentimeta. Ukiona kwenye lebo ndogo ya ndani 160/84A, maana yake nguo imekusudiwa mwanamke mwenye urefu wa sentimeta 160 na mzunguko wa kifua wa sentimeta 84. Kwenye suruali na sketi namba ya pili ni ya kiuno, kwa mfano 160/68A. Herufi ya mwisho inaeleza umbo: A ni mwanamke ambaye kifua kinazidi kiuno kwa sentimeta 14 hadi 18, B ni tofauti ya 9 hadi 13, C ni 4 hadi 8, na Y, mwenye kiuno chembamba zaidi, ni 19 hadi 24.

Lebo hiyo haiko kwenye kila nguo, kwani nyingi za kuuza nje huandikwa herufi tu. Lakini inapokuwepo inasema zaidi ya L na XL zote. Inaonyesha pia kwa nini XL ya huko humbana mteja wa XL wa hapa: mwili uliokusudiwa ni mwembamba kuliko anaoufikiria mnunuzi wetu. Tena angalia kinachokosekana. Nyonga hazimo. Malalamiko yanayosikika sana kwa mafundi ni ya suruali na sketi zinazokaa vizuri kwenye nyonga lakini zinaacha pengo kiunoni, na hilo herufi ya lebo haliwezi kuliona.

Je, serikali iingie? Tunalo Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo limekwisha kuonyesha kwamba linaweza kugusa nguo, kwani nguo za ndani za mitumba limezipiga marufuku. Tunayo Tume ya Ushindani, ambayo sheria ya mwaka 2003 inaipa kazi ya kumlinda mlaji dhidi ya upotoshaji. Na tunao Wakala wa Vipimo, ambao wakulima wanawajua kwa vita vya lumbesa.

Mfano wa lumbesa unasaidia sana hapa. Kabla ya kusisitizwa kwamba gunia lisizidi kilo 100 na kwamba mazao yapimwe kwa mizani, "gunia" lilikuwa neno tu, na mwenye nguvu ndiye aliyeamua lijae hadi wapi. Saizi ya nguo iko katika hali hiyo. Huwezi kumshitaki mtu kwamba L yake si L, kwa sababu L haikuahidi chochote. Lakini akiandika kwamba kifua ni sentimeta 100 na ukakuta 92, hapo pana kipimo na pana uongo unaopimika.

Kwa hiyo sidai serikali itunge jedwali moja la saizi. Wamarekani walilitunga na likawashinda. Kinachowezekana ni kudai kwamba nguo mpya, iwe imeagizwa au imeshonwa nchini, iandikwe vipimo vya mwili iliyokusudiwa: kifua, kiuno na nyonga, kwa sentimeta. Kiwango cha kimataifa cha namna ya kupima, ISO 8559, kipo na sehemu zake za kwanza zilitolewa mwaka 2017. Mitumba haitaweza kuguswa na kanuni hiyo, na kuilazimisha kungeongeza gharama bila sababu.

Jambo hili linavihusu viwanda vyetu pia. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kufuta nafuu za biashara za AGOA, Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma; Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikapoteza nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mjadala wote ulikuwa wa ushuru na ajira. Lakini kiwanda cha ndani hakitamshinda Mchina kwa bei leo wala kesho. Kinaweza kumshinda kwa kuwapima wanawake wa Mbinga, Tanga na Mwanza na kuwashonea suruali isiyoacha pengo kiunoni.

Wakati tukisubiri hayo, mwenye duka dogo anaweza kuanza mwenyewe, na gharama yake ni futi moja ya fundi cherehani. Nguo ikifika, itandaze mezani, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Fanya hivyo kwa kiuno na nyonga, kisha andika kwenye kipande cha karatasi na kukibana kwa pini juu ya lebo. Kitambaa kisichovutika kinahitaji kuuzidi mwili kwa sentimeta tano hadi kumi kifuani, la sivyo mama hatainua mkono kufunga mzigo kichwani. Mteja naye apimwe kwa heshima, ikiwezekana na mwanamke mwenzake, pembeni. Kumpigia kelele dukani kwamba "wewe mama ni XXL" ni kumfukuza, tena pamoja na wenziwe aliokuja nao.

Wapo wenye maduka waliomkaribisha fundi aweke cherehani barazani, na wamefanya busara. Afadhali gauni la Sh22,000 liuzwe Sh21,000 pamoja na kupunguzwa kiuno kuliko liuzwe Sh10,000 mwakani. Ila kununua nguo kubwa ili ipunguzwe ni rahisi. Nguo ndogo haiongezeki isipokuwa ina akiba ya kitambaa kwenye mshono. Igeuze ndani nje uangalie kabla ya kulipa.

Na kabla ya safari ya kufuata mzigo wa Krismasi, chukua daftari. Waombe wateja wako wa kudumu, hata 30 tu, wakubali kupimwa kifua, kiuno na nyonga. Ukifika Kariakoo, usimwambie muuzaji akufungie dazani yenye S hadi XL. Toa daftari na futi, ukapime kimoja kimoja. Atanung'unika kwamba unamchelewesha. Mwache anung'unike, kwani fedha ni zako.