Mwanafunzi anayefundisha ni mfanyakazi

Mtu anayefundisha darasa, akasahihisha mitihani na kutoa alama, anafanya kazi. Sidhani kwamba jambo hili linahitaji msomi wa kulithibitisha. Ajabu ni kuwa wasomi wenyewe, wale wanaosimamia vyuo vikuu, ndio waliolikana kwa miaka mingi pindi mtu huyo anapokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamifu.

Mzozo huu ulizuka kwa kishindo nchini Marekani mnamo Novemba 14, 2022. Siku hiyo wafanyakazi wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamifu, waligoma katika mabewa yote 10. Msaidizi wa kufundisha alikuwa akilipwa takriban dola 23,000 kwa mwaka, kwa kazi ya saa 20 kwa wiki. Katika jimbo ambalo kodi ya nyumba ni ghali mno, wengi walibaki na kidogo sana baada ya kumlipa mwenye nyumba.

Mgomo huo uliendelea kwa takriban wiki sita, hadi msimu wa mitihani. Ulipokwisha Desemba 23, chuo kilikuwa kimekubali kupandisha malipo hayo hadi dola 34,000 kufikia Oktoba 2024. Wagomaji walikuwa wamedai dola 54,000, kwa hivyo hawakupata yote. Lakini walikuwa wamejibu swali moja kubwa. Ikiwa hawakuwa wafanyakazi, mbona walipoweka kalamu chini karatasi za mitihani zilibaki bila kusahihishwa?

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Siku ya kugawa madarasa, chuo humwita kijana huyu mwalimu. Siku ya mshahara, humwita mwanafunzi anayepewa msaada. Hata sheria imeyumba. Kwa upande wa vyuo vya kibinafsi, bodi ya serikali ya Marekani inayoamua mizozo ya kazi ilisema mwaka 2000 kuwa wasaidizi hawa ni wafanyakazi. Mwaka 2004 ikasema sio. Mwaka 2016 ikarudi pale pale ilipoanzia. Muda wote huo, kazi yao haikubadilika hata kidogo.

Msomaji atauliza, haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Vijana wetu wengi huenda Marekani kusomea uzamifu kwa mpango huu, na baadhi yao hufundisha Kiswahili huko ili walipiwe karo. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, wala hawezi kutafuta kibarua nje bila idhini maalumu. Mwajiri wake, mwalimu wake na mdhamini wa ukaaji wake nchini humo ni chuo hicho hicho. Mtu wa aina hiyo atalalamika kwa nani?

Wapo watakaosema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba kufundisha ni sehemu ya mafunzo ya msomi. Nakubali kuwa ni mafunzo. Lakini kuinama ni jambo moja, na kukaliwa mgongoni wakati umeinama ni jambo jingine. Mafunzo yasiyo na kikomo cha saa, yanayomnyima mwanafunzi nafasi ya kuandika tasnifu yake, si mafunzo tena. Ni utumishi wa bei rahisi.

Hapa nyumbani hatuna budi kujitazama pia. Mnamo 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni za kutaka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu. Lengo lilikuwa zuri, lakini uzamifu haupatikani kwa amri. Hupatikana kwa muda, vitabu, na tumbo lisilo na njaa. Anayetakiwa kufundisha madarasa makubwa huku akijilipia karo ya uzamifu anaombwa abebe mizigo miwili kwa kichwa kimoja.

Wahadhiri wetu wanayajua machungu ya kuambiwa kwamba hawana haki ya kujitetea. Waligoma mwaka 1993 na 1994 wakidai chama chao kisajiliwe, wakakataliwa. Chama hicho, UASU, kilikuja kusajiliwa mwaka 2003. Waliosubiri muda mrefu hivyo mlangoni wangefaa kuwa wa kwanza kuwafungulia wadogo wao.

Rai yangu kwa vyuo vyetu ni hii: mkimpa mwanafunzi darasa la kufundisha, mpeni pia mkataba. Uandikwe saa atakazofanya kazi, malipo atakayopata na tarehe ya kulipwa, pamoja na mahali pa kupeleka malalamiko yake bila hofu ya kuharibiwa masomo. Chuo kinachofundisha haki na usawa darasani hakiwezi kuvikimbia kinapofika afisi ya mishahara.