Kodi ya sarafu za kidijitali ikatwe kwenye faida, si kwenye mauzo

Kijana wa Baraka ananunua USDT kwa dola 100, anaziuza kwa dola 101. Amepata dola moja. Kama sheria ya Kenya ya mwaka 2023 ingemkuta, angekatwa 3% ya pesa yote aliyouza, ni kusema dola 3 na senti 3. Faida yake imekwisha, na dola nyingine mbili zimetoka mfukoni.

Kenya ilianza kutoza kodi hiyo Septemba 2023, hata kwa aliyeuza kwa hasara. Mwaka 2025 ikaifuta, ikaweka ushuru wa 10% kwenye ada wanazotoza wenye majukwaa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilichagua nayo 3% ya malipo, tangu Julai 2024. Wafanyabiashara wetu wanaovuka kwenda Kigoma wajue hilo.

Hapa Kongo bado hakuna kodi iliyowekwa kwa jina la sarafu hizi. Siku moja itakuja, na hatusemi watu wasilipe. Anayepata dola elfu kwa simu hana sababu ya kuachwa wakati mama muuza ndagala anadaiwa sokoni kila asubuhi. Lakini Katiba, kifungu cha 174, inasema kodi huwekwa kwa sheria tu. Afisa atakayemsimamisha kijana Baraka, Fizi au Misisi na kumdai "kodi ya bitikoini", aombwe kwanza aonyeshe sheria hiyo. Mtu wa Fizi amelipa vya kutosha kwenye vizuizi bila kupewa hata kikaratasi.

Wabunge wetu walioko Kinshasa watakapoijadili, waondoe kwanza bei ya kununulia na ada za kutuma. Hasara ya mwezi mmoja ipunguze faida ya mwezi mwingine. Mwenye faida ndogo aachwe. Tena wakumbuke kwamba wengi hapa hawachezi bahati nasibu: wanaweka dola zao kwenye USDT kwa sababu kutembea na noti njiani ni hatari. Kuitoa dola ileile uliyoiweka si mapato.

Kwa sasa, kila anayenunua aandike kwenye daftari tarehe, bei na ada, na ahifadhi ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money. Simu ikiibiwa na daftari halipo, hata hasara yake hakuna atakayeiamini.