Mwacheni Ibn Battuta Apumzike

Hivi Ibn Battuta ametukosea nini? Kila wanafunzi wanapoambiwa wachague chanzo kimoja cha awali cha historia ya dunia, enzi za kabla ya mwaka 1500, wanamfukua yeye. Mmoroko wa watu alipita Kilwa mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan ibn Sulaiman kwa ukarimu wake, akapanda jahazi akaenda zake. Basi. Kwa ziara hiyo moja tumembebesha historia ya Afrika Mashariki nzima, hadi ya watu ambao hakuwataja hata kwa bahati mbaya.

Mwaka huu jambo hili limenifika nyumbani. Mpwa wangu, mtoto wa Shishiyu mkoani Simiyu, yuko mwaka wa kwanza chuoni. Alitaka kuandika juu ya utemi wa Wasukuma. Mwalimu wake akamwambia huko bara hakuna chanzo, kuna hadithi za wazee tu. Achukue Ibn Battuta, tafsiri ipo kwenye intaneti. Kijana akanipigia simu. "Shikamoo mjomba, chanzo nimeshapata." Marahaba, swali lako ni lipi? "Swali bado, mjomba. Nitalitafuta humo humo."

Ugomvi wangu uko hapo. Huyu kijana alikuwa na swali, akanyang'anywa, akapewa kitabu. Na sababu aliyopewa ni moja tu: kile kimeandikwa, kile cha nyumbani kinasemwa.

Haya, tuiangalie hiyo karatasi. Ibn Battuta hakukaa Kilwa akiandika. Alirudi kwao, na masimulizi yake yakaandikwa na mtu mwingine, Ibn Juzayy, aliyemaliza kazi mwaka 1355. Miaka 24 baada ya Kilwa! Yaani ni mtu mzima anakumbuka safari za ujanani, na mwandishi anampambia maneno. Tofauti yake na babu wa Shishiyu akisimulia jioni ni wino.

Tarihi ya Kilwa ndiyo kabisa. Iliandikwa karne ya 16, ikieleza waasisi walioishi mamia ya miaka kabla. Tunayo kwa njia mbili: muhtasari alioutia Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoko London. Hazipatani. Ya Kiarabu inasema baba na wanawe sita walitoka Shirazi kwa majahazi saba. Ya Barros ina kijana mmoja, Ali, ambaye ndugu zake walimdharau kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Halafu kisiwa kinanunuliwa kwa nguo, na ya Kiarabu inaongeza kwamba nguo hiyo ilitosha kukizunguka chote. Mzee wa Kisukuma angekusimulia habari ya nguo ya kuzunguka kisiwa ungemwambia, "babu, hiyo ni ngano." Ikiandikwa kwa Kiarabu inakuwa chanzo.

Msinielewe vibaya, sisemi tarihi itupwe. Ina thamani kubwa, hasa pale nakala zinapogombana, maana ugomvi wenyewe unakuonyesha nani alitaka kuonekana mtoto wa nani.

Wala sisemi kila asemalo mzee ni la mwaka 1400. Orodha za batemi zilirefushwa. Chini ya Waingereza, ukoo uliothibitisha kwamba ulitawala tangu zamani ndio uliopata kiti na mshahara, kwa hiyo mababu waliongezeka. Hans Cory, yule Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali, aliandika habari za batemi katika hali hiyo, kitabu chake kikatoka mwaka 1951. Leo ukienda kijijini unaweza kusimuliwa Cory bila msimulizi kujua kwamba ni Cory. Karatasi zake ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Buluda Itandala aliandika tasnifu nzima juu ya Wabinza wa Usukuma mwaka 1983. Njia ilishafyekwa. Eti hakuna chanzo!

Nilimwambia mpwa wangu aanze na neno lenyewe, ntemi. Wasukuma wanalo, Wanyamwezi wanalo, Wagogo wanalo. Wengi hulihusisha na kutema, kama tunavyotema miti: aliyefungua pori. Neno halina tarehe kichwani, sawa, lakini limeenea kwa watu gani na limeishia wapi, hilo ni ushahidi ambao hakuna karani wa mfalme aliyeupamba.

Halafu kuna kibangwa. Ni kisahani cheupe kilichochongwa kutoka kwenye gamba la konokono wa baharini, alama ya utawala huku Usukuma na Unyamwezi. Wa baharini, jamani, na Shishiyu iko mamia ya kilomita kutoka pwani! Vibangwa tulivyonavyo vingi pengine si vya zamani sana, na hapo ndipo mwanafunzi afanye kazi: alinganishe na magamba ya aina hiyo yaliyofukuliwa kwenye makaburi ya Ingombe Ilede, Zambia, ya karne ya 15 au 16 hivi. Hiyo ni historia ya dunia. Ina Bahari ya Hindi ndani yake, na ina watu wa bara waliojua wanataka nini kutoka huko.

Hata anayeng'ang'ania Kilwa, kwa nini asichukue sarafu? Sarafu ya huyo huyo al-Hasan ibn Sulaiman iliokotwa Great Zimbabwe. Ibn Battuta hakufika huko, sarafu ilifika.

Kijana amebadilisha swali: kwa nini mtawala wa watu wasioiona bahari avae kitu cha bahari? Amepanga kwenda Bujora kuangalia vifaa vya batemi, na bibi yake ameahidi kumpeleka kwa mzee mmoja. Mwalimu bado hajakubali. Kazi inatakiwa Ijumaa.