Mwanao amehukumiwa kunyongwa? Hesabu siku 30

Nilimkuta mama mmoja kliniki hapa Sumbawanga, presha iko juu. Mwanawe alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa mauaji, naye alishauza ng'ombe wawili ampe kishoka aliyeahidi "kuongea na majaji".

Mzazi, yakikukuta, usikimbilie mnadani. Aliyetiwa hatiani na Mahakama Kuu ana haki ya kwenda Mahakama ya Rufani, ya juu kuliko zote nchini. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu hukumu. Mfungwa huikabidhi kwa mkuu wa gereza. Siku zikipita, aombe kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza kwa nini alichelewa. Asiye na uwezo huwekewa wakili kwa gharama za Serikali.

Majaji watatu huupima ushahidi upya. Wanaweza kumwachia huru, kuagiza kesi isikilizwe upya, kulishusha kosa liwe kuua bila kukusudia, au kuitupa rufaa.

Kama alikuwa hajafikisha miaka 18 siku ya tukio, sheria hairuhusu anyongwe. Tafuta cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, umpe wakili mapema.

Kusubiri kunaweza kuchukua miaka. Meza dawa zako za presha, mama. Ng'ombe aliyebaki ni nauli ya kwenda kumwona.